Ile ya 1968, ya 1972 au ya 2011: uchague ipi katika filamu za masokwe watawala

Hapa Tanga ukitaja "ile filamu ya masokwe", kijana wa Ngamiani atadhani unasema ya 2011, ambayo masokwe wanavuka daraja la San Francisco huku polisi wakirudi nyuma. Mtu mzima aliyekulia kwenye majumba ya sinema atakwambia ya kweli ni ya 1968, na jina la Charlton Heston litamtoka kabla ya jina la filamu yenyewe. Kila mmoja ana haki yake, maana Planet of the Apes ni ukoo mzima. Tano za mwanzo zilitoka kati ya 1968 na 1973, ikaja moja ya pekee mwaka 2001, kisha nne mpya kuanzia 2011 hadi 2024. Jumla kumi. Mwenye shughuli zake hawezi kuzimaliza, na wala si lazima.

Nimezitoa tatu zinazostahili kugombea usiku wako mmoja: ya 1968, ya 1972 na ya 2011. Zote zinauliza jambo moja: aliye juu akishushwa na aliye chini akipandishwa, nini kinabadilika na nini kinabaki vilevile? Majibu yao yako mbalimbali kabisa. Kipimo changu ni hiki: je, hao mabwana wapya wamepewa nchi kamili, yenye dini, mahakama, wasomi na askari, au wamepewa nguvu tu? Nguvu peke yake huchosha baada ya robo saa. Nchi kamili ndiyo inayowafanya watu wabaki barazani wakibishana mpaka kahawa inaisha.

Ya 1968: Musa afungwa kamba shingoni

Wanaanga wanne wa Marekani wanaondoka mwaka 1972, wanalazwa usingizi wa safari, na chombo chao kinaanguka ziwani saa yake ikisoma mwaka 3978. Mwanamke pekee kati yao amefia usingizini. Wanaume watatu wanavuka jangwa la mawe mekundu. Mmoja anachomeka kibendera cha Marekani ardhini, na nahodha wao, Taylor, anayeigizwa na Heston, anamcheka mpaka mwangwi unamrudia. Karibu nusu saa nzima humwoni sokwe hata mmoja. Kisha linatokea shamba la mahindi, watu wasiosema neno wanakula mabichi, baragumu inalia, watu wanatimua mbio, na juu ya farasi wametokea masokwe wakubwa wenye bunduki. Watu wanasakwa kwa nyavu. Msako ukiisha, wawindaji wanasimama juu ya maiti kupigwa picha, mguu mbele, kifua wazi.

Taylor anapigwa risasi ya koo na sauti inakatika. Hapo ndipo filamu inaponoga. Mtu mwenye elimu yake yuko tunduni, anasikia kila linalosemwa juu yake, na hawezi kujibu. Daktari wa kisokwe, Zira, anamwona kuwa mjanja kuliko wenzake na anamhurumia kama mtu anavyomhurumia mnyama mzuri. Siku moja Taylor anaandika kwa kidole kwenye vumbi. Anapita mzee Zaius, mkubwa wa serikali, anayaona maandishi, na bila kusema kitu anayafuta kwa fimbo yake. Ni sekunde chache tu. Lakini kuanzia hapo unajua kwamba mzee huyu hana ujinga wowote. Analijua jambo fulani na analificha.

Zaius ana vyeo viwili kwa pamoja: ni Waziri wa Sayansi na ni Mlinzi Mkuu wa Imani. Hebu fikiria mtu huyo akikaa kukuamulia kama utafiti wako upite. Nchi yenyewe ina matabaka yaliyonyooka: orangutani wameshika serikali na dini, gorila wameshika silaha, na sokwe wa kawaida, jamaa za wale wetu wa Gombe na Mahale, ndio madaktari na watafiti. Kila mmoja anajua mahali pake, na kila mmoja ananung'unika chinichini.

Halafu inakuja kesi, na hapo msomaji wa Tanga ana faida ambayo wengine hawana. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alitupa Kusadikika mwaka 1951: Karama anashtakiwa mbele ya baraza la mfalme kwa kosa la kutaka kufundisha elimu ya sheria, na mshtaki wake ni Waziri Mkuu Majivuno. Weka kesi hizo mbili pamoja uone. Karama angalau anaachiwa nafasi ya kusema, na hoja zake zinafika mahali. Taylor, ambaye sauti yake imeshamrudia, anaambiwa kwamba binadamu hana haki yoyote katika sheria ya masokwe, kwa hiyo hata kusikilizwa hastahili. Anavuliwa nguo kwa sababu zinanuka. Mnyonge hana haki, tunasema, na hapa mnyonge ni huyohuyo ambaye juzi alikuwa anaongoza chombo cha anga. Majaji watatu wanafika mahali mmoja anaziba macho, mwingine masikio, mwingine mdomo. Utani huo kwangu umezidi chumvi, ila waliokuwa wakitazama nami waliangua kicheko.

Kesi hiyo haikuandikwa hivihivi. Michael Wilson, mmoja wa waandishi wawili wa mswada pamoja na Rod Serling, alikuwa amewekwa kwenye orodha ya waliofungiwa kazi Hollywood katika miaka ya 1950 kwa tuhuma za ukomunisti. Alishiriki kuandika The Bridge on the River Kwai, filamu ya 1957, lakini jina lake likafichwa na tuzo ya Oscar ya mswada ikaandikwa kwa Pierre Boulle, mwandishi wa kitabu, Mfaransa ambaye hakuuandika mswada huo. Boulle ndiye huyohuyo aliyetunga riwaya ya 1963 iliyozaa filamu za masokwe. Kabla ya vita alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya mpira huko Malaya, chini ya wakoloni wa Kiingereza. Sisi tuliokulia kando ya mashamba ya katani, tuliosikia wazee wakisimulia jinsi manamba walivyoletwa kutoka mbali kwa mikataba na kupangwa kambini, hatushangai kwamba mtu aliyeyaishi mashamba kama hayo aliota dunia ambayo msimamizi yuko tunduni.

Katika riwaya masokwe wana magari na ndege. Filamu iliwashusha hadi farasi na nyumba za mawe, sababu kubwa ikiwa gharama, na nadhani ubahili huo uliisaidia. Masokwe wenye magari wangekuwa kichekesho. Hawa wa farasi wanafanana na serikali ya kijijini, na ukali wake.

Kasoro ipo, tena si ndogo. Nova, mwanamke aliyepewa Taylor, hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho na hana kazi ila kutazama kwa macho makubwa. Mwanaanga mweusi, Dodge, anauawa mapema, na baadaye unamkuta amejazwa majani na kusimamishwa makumbusho kama mnyama. Unaweza kusema filamu inafanya hivyo kwa makusudi ili ikuume. Mimi naona ingeweza kutuuma kwa mtu mwingine.

Mzee mmoja na neno lake

Nilipopendekeza tuitazame, mzee mmoja wa barazani, mtu wa heshima zake, alinijibu: "Mwanangu, hawa watu wametuita manyani miaka yote hiyo, leo nikae nilipe bando nitazame?" Nikamwambia, "Mzee wangu, una haki." Na kweli anayo. Tusi hilo lipo, linarushwa mpaka leo kwenye viwanja vya mpira vya Ulaya, na mtu asilazimishwe kulisahau kwa sababu ya filamu.

Lakini angalia nani yuko tunduni. Heston alikuwa ndiye Musa katika The Ten Commandments ya 1956 na ndiye Ben-Hur wa 1959. Kwa watazamaji wa Marekani wa wakati ule, uso wake ulikuwa uso wa shujaa wa Biblia. Mkurugenzi Franklin J. Schaffner akamchukua mtu huyo, akamvisha kamba shingoni, akamburuza mahakamani akiwa nusu uchi. Hasira aliyo nayo mzee wetu, filamu inampelekea aliyekuwa juu. Mzee alikuja, alikaa kimya, na mwisho alitaka kujua kama Zaius alikuwa mwongo au mlinzi. Tulikesha na swali hilo.

Jambo jingine linalopaswa kusemwa ni la nyuma ya kamera. John Chambers alitengeneza nyuso za masokwe kwa mpira laini, kazi iliyochukua saa nyingi kila siku kwa kila mwigizaji, na akapewa Oscar ya heshima kwa sababu wakati ule tuzo ya upambaji haikuwa na kundi lake la kudumu; kundi hilo lilianza mwaka 1981. Waigizaji wamesimulia kwamba wakati wa chakula cha mchana, wakiwa bado na nyuso hizo, gorila walikaa na gorila, orangutani na orangutani, sokwe na sokwe. Hakuna aliyewapanga. Kwangu mimi hicho kisa kina uzito kuliko nusu ya mazungumzo yaliyomo ndani ya filamu.

Ya 1972: fupi, chafu, na ina hasira

Conquest of the Planet of the Apes ni ya nne katika zile za mwanzo na inachukua chini ya saa moja na nusu. Hapa tumerudi nyuma: ni 1991 kama ulivyodhaniwa na watu wa 1972. Ugonjwa umewaua mbwa na paka wote, watu wakaanza kufuga masokwe nyumbani, na mfugo ukageuka mtumwa. Masokwe wanafagia, wanabeba sinia mikahawani, wanapigwa mnada. Katikati yao amefichwa mmoja anayesema, Caesar, mtoto wa Zira na mumewe Cornelius wa filamu za kabla, waliorudi nyuma kwa wakati katika ile ya 1971, na Roddy McDowall aliyekuwa baba sasa anaigiza mwana.

Kwa kipimo changu cha nchi kamili, hii iko kati. Jamii inayoonyeshwa kwa undani ni ya mabwana wa kibinadamu: vituo vya kufundishia kwa vitisho, polisi weusi kwa mavazi, gavana anayeogopa kivuli chake. Ilipigwa kwenye majengo mapya ya wakati huo ya Century City, Los Angeles, na saruji hiyo tupu inafanya kazi nzuri kuliko mapambo ya mamilioni. Mapambano ya mwisho yalipangwa yafanane na picha za habari za ghasia za Watts za 1965. Msaidizi wa gavana, MacDonald, ni mtu mweusi, na Caesar anamwambia waziwazi kwamba yeye kuliko wote ndiye anayepaswa kuelewa.

Hapo ndipo hoja ya mzee wetu inaporudi na nguvu zaidi. Ya 1968 ilimpindua bwana. Hii inamweka sokwe mahali pa mtumwa mweusi wa historia, na umbali kati ya kumtetea mtu na kumfananisha unakuwa mwembamba sana. Naiheshimu kwa kutokwepa. Nisingeionyesha kwa watu ambao hawajaiona ya 1968 kwanza, na nisingeionyesha Bagamoyo karibu na lile jengo la misafara bila kuwaambia watu mapema kuna mnada ndani.

Angalizo moja la kiufundi: zipo sura mbili. Watazamaji wa majaribio walishtushwa na mwisho wenye damu, watengenezaji wakaukata, wakamwongezea Caesar maneno ya huruma juu ya picha za karibu za macho yake. Toleo lisilokatwa lilikuja kutoka baadaye kabisa. Ukiweza kulipata, chukua hilo. Lile la huruma linasikika kama mtu aliyekuja kubandika hotuba juu ya filamu ya mwenzake.

Ya 2011: moyo kwanza

Rise of the Planet of the Apes haina dunia iliyopinduka. Ina mkono wa kwanza unaosukuma. Mtafiti wa San Francisco anatafuta dawa ya ugonjwa wa kusahau unaomla baba yake, anajaribia kwa sokwe, na mtoto wa sokwe mmoja anarithi akili iliyopanda. Analelewa nyumbani kama mwana wa familia, kisha anapelekwa kufungiwa, na huko anajifunza yeye ni nani.

Andy Serkis anaigiza Caesar kwa mwili wake mwenyewe, kompyuta ikimvisha manyoya. Sokwe wa 1968 wanatembea kama watu waliovaa sokwe. Huyu anatembea kama wale ambao Jane Goodall alianza kuwafuata Gombe mwaka 1960. Aliyewahi kwenda Kigoma ataona mabega, mkao, jinsi mkono unavyonyooshwa kuomba msamaha. Na tukio ambalo Caesar anatoa neno lake la kwanza, silitaji, lilinyamazisha ukumbi wa vijana ambao tangu mwanzo walikuwa wanapiga soga.

Wajuzi wa ile ya zamani wana raha zao humu. Yule mlinzi katili anaitwa Dodge Landon, majina ya wanaanga wawili wa 1968 yameunganishwa. Orangutani mpole anaitwa Maurice, kwa heshima ya Maurice Evans aliyekuwa Zaius. Kwenye gazeti inapita taarifa ya chombo cha anga kilichopotea.

Ila mahakama haimo. Dini haimo. Binadamu wabaya ni wabaya kwa sababu ni watu wabaya, basi, na wazuri ni wazuri. Unatoka umelia na huna la kubishana. Kama unachotafuta ni kulia, si kosa.

Ya 2001, ya Tim Burton, niipite haraka. Nyuso alizozitengeneza Rick Baker ni nzuri mno na Tim Roth anatisha, lakini binadamu wa humo wanaongea kama kawaida. Ukimwachia mtumwa kauli kamili tangu dakika ya kwanza, hiyo ni vita ya makabila mawili, hakuna kilichopinduka. Heston mwenyewe anaonekana kidogo, safari hii akiwa sokwe mzee, na hicho ndicho kipande ninachokikumbuka.

Sasa wewe uchukue ipi

Ukiwa na kikundi cha watu wazima wanaopenda hoja, walimu, wanafunzi wa kidato cha sita waliosoma Kusadikika, wazee wa baraza: ya 1968, bila kusita. Inachukua dakika 112, na ile nusu saa ya mwanzo isiyo na sokwe waombe wavumilie. Taylor si waja leo waondoka leo. Jangwa refu linakuonyesha kwamba hana pa kurudi, na bila hilo tundu halitauma. Usichukue toleo lililotafsiriwa na wale wasimuliaji wa vibanda umiza. Nawapenda sana kwenye filamu za kupigana, lakini hapa watajaza kimya chote kwa mizaha, na Taylor aliyekatwa sauti atakuwa na msemaji wake. Tafuta yenye maandishi ya chini, hata kama ni ya Kiingereza, na mtu mmoja atafsiri kwa sauti ya chini pale penye kesi.

Na tafadhali, usiwaonyeshe watu kasha wala picha ya tangazo. Matoleo mengi yamechora mwisho wa filamu pale mbele, sijui kwa akili gani. Mwisho wa riwaya ni mwingine kabisa, kwa hiyo hata aliyesoma Boulle hajui kinachomngoja ufukweni.

Ukiwa na watoto wa darasa la sita kwenda juu, au mtu aliyekuja kukutembelea ambaye hapendi filamu za zamani, weka ya 2011. Wadogo zaidi waache, kifungo cha Caesar kinawatisha. Akiipenda, aendelee na ya 2014 na ya 2017 kwa mpangilio wake. Ya 2014 ndiyo ambayo masokwe hatimaye wanaanza kuwa na kijiji, sheria na wanasiasa, na kwa kipimo changu inaishinda ya 2011.

Ya 1972 ni ya mtu mmoja mmoja, usiku, baada ya ile ya kwanza. Si lazima upitie ya 1970 kufika huko. Yenyewe inarudia Taylor kwa nusu nguvu na kumalizikia kwenye makelele. Ya 1971, ambayo Zira na Cornelius wanatua Los Angeles na kupokewa kama wageni mashuhuri, ndiyo ya kuitanguliza ukipata nafasi, maana ina vichekesho vya kutosha kukufanya usahau kwamba serikali ya watu nayo ina Zaius wake, anayekaa pembeni anaandika.